Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Kusailiwa kwa Ajili ya Kichekesho

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako ulinifikia juzi, nami niliusoma mara mbili kabla ya kumsomea baba yako, ambaye tangu hapo hana habari nyingine kibarazani ila kwamba Jumamosi binti yake anakwenda kusailiwa na kikundi cha maigizo cha mtaa, akiomba nafasi ya yule shangazi, kijumbe aliyekula fedha za upatu. Kwa simu ningesema nusu na kusahau nusu, kwa hiyo nimeona nikuandikie.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilicheza vichekesho katika kikundi cha utamaduni cha kiwanda nilichofanyia kazi huko Dar es Salaam. Miaka ya 1980 vikundi vya namna hiyo vilikuwa vingi, vya mashirika ya umma, vya majeshi na vya watu binafsi, na onyesho moja lilibeba ngoma, sarakasi, kichekesho na igizo refu. Kichekesho chetu hakikuandikwa: tulikubaliana kisa, nani aingie lini na nani atoke lini, maneno tukayapata hukohuko jukwaani. Ninyi mtapewa kurasa zilizoandikwa, lakini kazi yenyewe ni ileile.

Jambo ambalo sikupata kukusimulia ni jinsi nilivyokataliwa mara ya kwanza. Nilikwenda nimejifunga mto kiunoni chini ya kanga, uso nimeupaka unga na sauti nimeibana puani, maana niliamini kwamba mchekeshaji hupimwa kwa vituko vyake. Kiongozi wa kikundi alinitazama kwa upole, akaniambia nifungue ule mto, ninawe uso, kisha niseme maneno yaleyale kama ninavyomwambia mwenye nyumba siku ambayo sina kodi. Nilishindwa kabisa, kwa sababu usiku kucha nilikuwa nimeshughulika na mto, wala sikujiuliza mwanamke niliyetakiwa kumwigiza anamhofia nani.

Niliporudi miezi michache baadaye nilimkuta mzee mmoja akifanya mazoezi ya mwenyeji bahili, anayeapa mbele ya mgeni kwamba nyumbani hakujapikwa tangu jana, ilhali punje ya wali imemganda kwenye ndevu. Hakuigusa punje ile, wala hakutuonyesha hata kwa jicho kwamba anajua ipo. Aliapa kwa uchungu, sauti ikamtetemeka, na kila ndevu zilipotikisika sisi tuliokuwa tukitazama tulishika mbavu. Marehemu Amri Athumani, King Majuto wetu wa hapa Tanga aliyefariki Agosti 2018, naye nilimwona hivyo siku zote: akikasirika, amekasirika kwelikweli.

Basi huyo shangazi usimtafutie kicheko, mtafutie fedha. Wanachama wako mlangoni, zamu ya kupokea ni ya mama ambaye bintiye anaolewa wiki ijayo, na kijumbe hana hata shilingi. Ukiisoma karatasi, jiulize kwa kila sentensi anatumaini kupata nini kwa kusema vile: siku mbili zaidi, huruma, au nafasi ya kupita mlango wa nyuma. Ukiogopa kama anavyoogopa yeye, uongo wake utachekesha wenyewe.

Huenda ukapangwa kusoma na mtu usiyemjua. Wengi hungoja tu zamu yao, macho yamezama kwenye karatasi. Wewe msikilize mwenzako mpaka neno lake la mwisho, kwa kuwa jibu hupata ladha kutokana na lile lililolitangulia, na msaili mwenye jicho humtazama anayesikiliza sawa na anayesema. Sauti iwafikie walio benchi la nyuma. Wakicheka, usiseme kicheko chao kikiwa bado juu, subiri kianze kushuka ndipo uendelee. Wasipocheka pia usihangaike ukaanza kuongeza madoido, maana pengine wameyasikia maneno hayo tangu asubuhi kutoka kwa watu wengi waliokutangulia.

Wakikuuliza kuhusu muda, sema kweli. Zamu zako za jioni pale duka la dawa zitaje siku kwa siku, pamoja na saa ambayo ni lazima uwe umepata usafiri wa kurudi. Kikundi cha kujitolea hakina fedha ya kumlipa mtu ashike nafasi yako, na nimeona igizo zuri likivunjika wiki ya mwisho kwa sababu mtu mmoja aliahidi jioni ambazo hakuwa nazo. Wakikupa jirani mwenye sentensi tatu badala ya shangazi, kubali. Utamtazama shangazi kila siku ya mazoezi, na hiyo ni shule.

Baba yako anakusihi usile embe bichi kabla ya kusoma, lisije likakukwaruza koo. Nipigie ukitoka, hata iwe usiku. Tutakuwa macho, inshallah.

Mama yako