Miti ikikatwa, ndege watagie wapi?

Mhariri,

Naandika kuhusu miti mikongwe inayokatwa hapa Dar es Salaam kupisha barabara na majengo. Mti wenye pango ukianguka, hudihudi na bundi hupoteza mahali pa kutagia. Wanaojenga matawini nao huandamwa na kunguru wa India, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890, ambao hula mayai na makinda.

Naomba shule zenye miti ziwaruhusu wanafunzi kutundika visanduku vya kutagia. Mabaki ya mbao ya seremala yanatosha. Tundu liwe dogo kunguru asipenye, chini vitobolewe maji yatoke, ndani visipakwe rangi. Cha bundi kiwe kikubwa. Wengi humwita ndege wa uchuro, ilhali ndiye anayetukamatia panya usiku! Manispaa nazo ziyaache mashina makavu yasiyohatarisha watu.

Mpenda ndege,
Dar es Salaam