Mimi ndiye yule waziri wa kunguni

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapa barua ya mzazi mmoja wa Morogoro anayetaka serikali za wanafunzi zifutwe vyuoni, kwa kuwa mwanawe aligombea, akashinda, akaishia kupata supu tatu, yaani mitihani ya marudio. Naomba nafasi nimjibu. Na kwa kuwa ni mkubwa kwangu, nianze inavyopasa: shikamoo mzee.

Nasoma saikolojia, mwaka wa tatu, katika chuo kimojawapo hapa nchini. Mwaka wa kwanza nilikuwa CR, mwakilishi wa darasa, yaani yule anayebeba karatasi ya mahudhurio, anayetumwa kumfuata mhadhiri ofisini, na anayelaumiwa mhadhiri asipotokea. Mwaka wa pili nikateuliwa Waziri wa Afya na Mazingira katika serikali ya wanafunzi. Supu niliyopata ni moja tu, ya takwimu, na nakiri kwamba siku ya test ya kwanza nilikuwa nakagua vyoo.

Kwetu Makambako, niliposema nachukua saikolojia, kaka yangu alisema nitaishia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na hakuwa na maana ya kuajiriwa. Baba hakuogopa saikolojia. Aliogopa uwaziri. Kila akisikia "serikali ya wanafunzi" anakumbuka mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungwa na wanafunzi wakarudishwa makwao. Nilimtuliza kwamba serikali yetu haina ubavu wa kufungisha hata kafteria.

Maana ukweli, mzee wangu, ni kwamba sehemu kubwa ya uwaziri wangu ilikuwa kunguni. Nilipoulizwa kwenye bunge la wanafunzi vipaumbele vyangu ni vipi, nilisema afya ya akili, na waheshimiwa wakapiga meza. Haikupita wiki, magodoro ya bloku nzima ya wasichana yalikuwa juani, wenyewe wamekaa nje wanajikuna, na mimi nimeshapewa jina ambalo mpaka leo halijanitoka. Kupata mtu wa kuja kupuliza dawa kulikula muhula mzima. Zikaja kadi za bima: mtoto wa watu amelipa sh 50,400 yake, kadi haijatoka, homa imempanda, na waziri ndiye anayepigiwa simu saa saba usiku. Fungu la wizara yangu likaishia kwenye jezi za bonanza. Hilo ukitaka kulisema, mzee, liseme, sina utetezi.

Ila uliandika kwamba kiongozi wa wanafunzi hajifunzi lolote zaidi ya kuvaa suti. Hapo ndipo nikatafuta kalamu.

Nyuma ya bweni letu, chini ya mwarobaini, kuna kimbweta, yaani meza ya nje ya kusomea, ambacho benchi lake moja limevunjika, limeinuliwa kwa matofali. Taa ya ukutani inafika pale vizuri. Nilizoea kusomea hapo, na watu wakajua kwamba waziri hapatikani ofisini, anapatikana kimbwetani. Usiku mmoja akaja binti wa mwaka wa kwanza kuulizia kadi yake ya bima. Nikamjibu. Hakuondoka. Akauliza tena swali lile lile kwa maneno mengine, huku anabandua rangi ya kucha kidole kimoja kimoja. Nikafunga daftari. Nikakaa kama tulivyofundishwa: umgeukie mtu, usimkodolee macho, akinyamaza usiukimbie ukimya wake. Nikamuuliza anajisikiaje. Kimya. Nikauliza tena kwa upole, kama ambavyo Carl Rogers, yule mwanasaikolojia wa Marekani aliyesisitiza kumsikiliza mtu, angeuliza lau angezaliwa Njombe. Akaniangalia, akasema, "Dada, mimi sijisikii vyovyote. Nina njaa."

Boom, yaani fedha za mkopo za kujikimu, lilikuwa limetoka siku kumi tu kabla ya hapo. Bodi ya Mikopo inahesabu sh 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, na fedha zenyewe zinakuja kwa mkupuo. Yeye alizipokea asubuhi, na kufika jioni zaidi ya nusu ilikuwa imeshakwenda kwao, mdogo wake arudi shule. Alikuwa anakula mara moja kwa siku, na siku ile hata hiyo mara moja ilikuwa haijafika.

Sasa Maslow na ngazi yake ya mahitaji ya binadamu nilimfanyia mtihani mwaka wa kwanza, nikapata A. Chakula ndiyo ngazi ya chini kabisa, kila mwanafunzi wa saikolojia anaweza kuichora akiwa usingizini. Mtu amekaa mbele yangu na njaa yake, mimi namuuliza hisia! Tukaenda kwa mama ntilie wa getini, wali maharage. Sahani ya kwanza aliila bila neno. Mazungumzo niliyokuwa nayatafuta yalianza yenyewe kwenye sahani ya pili, na yalikwenda mpaka mama ntilie akaanza kupindua mabenchi.

Baada ya usiku ule nilinunua kaunta buku. Sikuandika jina la mtu, niliandika tu shida iliyomleta na tarehe. Nilidhani mapenzi yangeongoza. Ukurasa wa boom ulijaa kwanza, ukafuata wa supu na hofu ya kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli), kisha ugomvi wa chumbani. Mapenzi yalikuja nyuma, na mara nyingi ndani yake mlikuwa na boom vilevile.

Niseme na upande usionipendeza. Miezi michache baadaye kijana wa mwaka wa pili alikuja pale kimbwetani, akanitaka kwanza niape kwamba sitamwambia mtu. Nikaapa kabla sijasikia. Alichonieleza kilikuwa kizito, hakikupaswa kubaki na mtu mmoja hata kwa usiku mmoja. Sikulala. Alfajiri nikamweleza waziri mwenzangu nikiomba ushauri, na kufikia Jumapili habari ilikuwa kwenye magrupu ya WhatsApp, bila jina lakini na bloku yake, na kozi yake. Nashukuru mhadhiri wetu wa ushauri nasaha aliingilia kati, kijana akapelekwa hospitali, akatibiwa, na leo yuko darasani. Tukikutana ananisalimia, "Habari, mheshimiwa," na anapita.

Mhadhiri hakunigombeza. Aliniambia kosa langu la kwanza halikuwa kusema, lilikuwa kuapa. Anayesikiliza anatakiwa aweke wazi mwanzoni: haya nitayatunza, lakini nikiona uhai wako au wa mwingine uko hatarini nitalipeleka mbele, na nitakutajia nampelekea nani. Sentensi mbili! Nilikuwa nimeshasoma muhula mzima wa ushauri nasaha na nazikuta kwenye notsi zangu, nimezipigia mstari kwa wino mwekundu.

Chuoni kwetu mshauri nasaha yupo, na ni mtu mwema. Lakini ofisi yake iko korido moja na ya nidhamu, kwa hiyo anayeonekana akielekea kule anahesabiwa ana kesi. Ndiyo maana watu wanakwenda kwa CR, kwa mwakilishi wa bloku, kwa imamu, kwa kiongozi wa kwaya, kwa waziri wa kunguni. Hao ndio wanaosikiliza chuo kizima, na hakuna aliyewafundisha wala anayewauliza wao wenyewe wanalalaje.

Zimbabwe walishaliona jambo hili. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 huko Mbare, Harare, kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Ugonjwa wanauita kwa Kishona kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, kama sisi tunavyosema fulani "ana mawazo". Hatua ya kwanza wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Nadhani hata bibi yangu wa Kibena asingehitaji mkalimani. Utafiti uliofanywa kwa watu 573 ukachapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi wale walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Wanaousifu husimulia benchi na mabibi. Mimi kilichonishika ni kwamba mabibi wale wana wasimamizi: wakizidiwa na jambo, yupo wa kumpelekea, na yeye anajua la kufanya.

Ninachoomba kwa wakuu wa vyuo ni kidogo. Kila mwaka sisi wa saikolojia tunakwenda fildi, mafunzo kwa vitendo, wiki 8. Mimi zangu nilizimalizia kwenye ofisi moja nikitoa kopi na kupanga mafaili, na nikapewa alama nzuri kwa kuyapanga. Kwa nini tusihesabiwe saa za kimbwetani? Tupewe mafunzo kwanza, mhadhiri akae nasi mara moja kwa wiki tumweleze tulichokutana nacho bila kutaja majina isipobidi, na tufundishwe kwa mazoezi, siyo kwa notsi, jinsi ya kusema zile sentensi mbili. CR na wawakilishi wa bloku nao waingizwe, hata wa uhandisi. Wa uhandisi hasa, maana wale hawasemi mpaka wagonge ukuta.

Na wewe mzee wangu wa Morogoro, sikatai supu tatu zinauma, hasa kwa anayelipa ada. Akija likizo muulize jambo moja: usiku alikuwa anafuatwa na nani, na kwa shida gani. Huenda atakwambia ni vikao vya jezi, basi hapo nitakuwa nimeshindwa hoja. Huenda akakaa kimya kidogo kwanza. Mpe chakula.

Juzi nilikabidhi ofisi. Nimemkabidhi mwenzangu muhuri, funguo mbili, bomba la dawa ya kunguni lililopasuka na jezi 11. Akauliza kuhusu kaunta buku, kwa kuwa kila mtu analijua. Nikavuta droo ya meza kumwonyesha. Haina kufuli, niliandika barua ya kuomba kufuli tangu mwezi wa pili, nakala yake ndiyo iliyokuwa ndani ya droo. Kaunta buku bado ninalo mimi, liko chini ya godoro.

Mwanafunzi wa saikolojia, mwaka wa tatu
(Jina linahifadhiwa)