Mla-kaa na mtoto wake

Mwanangu mpenzi,

Huku kwetu Mida sote tu wazima. Bibi yako anakusalimu sana, na yule mbuzi mweupe amezaa pacha. Leo nataka kukueleza habari za ndege.

Ulipoondoka kwenda Muscat, huko Oman, uliacha darubini yako na daftari la jalada la kijani. Nililifungua nikitafuta namba ya simu, nikakuta kurasa kwa kurasa: tarehe, saa, maji yanajaa au yanapwa, sululu wangapi, membe wangapi, heroe wangapi. Asubuhi zile zote ulizokuwa ukipotelea mikokoni, mimi nikikugombeza kwa ajili ya kuni, kumbe ulikuwa na kazi yako. Nisamehe, mwanangu. Basi Januari hii walipotafuta watu wa kujitolea kuhesabu ndege wa majini, nikajifunga leso nikaenda badala yako.

Sikujua kwamba hesabu hii ni kubwa hivi. Kila Januari, wakati ndege wa safari wametulia mahali pamoja, watu huwahesabu Ulaya, Asia na huku kwetu. Ilianza 1967, na Afrika ikaingia 1991. Hapa Kenya wasimamizi wake ni Makumbusho ya Taifa na shirika la uhifadhi la Nature Kenya. Kiongozi wetu alinieleza kwamba Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda maeneo ya maji, una kipimo chake: eneo la maji linalotunza mara kwa mara asilimia 1 ya kundi zima la ndege wa aina moja linahesabiwa kuwa na umuhimu wa kimataifa. Kesho akija mtu anataka kufyeka mikoko, tutakuwa na namba ya kumwonyesha.

Tulikaa kwenye kibanda kile mwishoni mwa daraja la mbao. Nilipolikanyaga na kulisikia likiyumba, nilikumbuka karo yako ya sekondari, maana viingilio vya wageni wa daraja hilo vilikusomesha. Maji yalikuwa yakijaa. Yakipwa, ndege hutawanyika topeni hadi huko Kirepwe, huwezi kuwashika kwa jicho. Yakijaa huwasukuma, wakabanana kwenye mchanga uliobaki. Chamchanga wadogo, wale wanaotoka Siberia, walikuwa kama mchele uliomwagika mkekani.

Wewe wajua wanavyohesabiwa, mimi nilifundishwa siku hiyo. Unahesabu kumi, unashika kwa jicho upana wao, kisha unausogeza upana huo juu ya kundi zima, kumi kwa kumi. Nilielewa upesi, kwa sababu ni kama kupima unga kwa kibaba. Nikafika 340, kipanga akapita, wote wakaruka kwa mpigo. Nami nikaandika 500, maana niliona waliobaki ni wengi. Kiongozi akaniuliza kwa upole, "Mama, hii mia tano umeiona au umeidhania?" Nikanyamaza. Tukaifuta. Tukangoja watue, tukaanza upya, wakawa 410. Usiku ule sikulala vizuri nikifikiria zile tisini nilizotaka kuzizua, na kwamba huko mbele mtu angezisoma akadhani ndege wapo.

Lakini walionitoa machozi ni wala-kaa, wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama patasi. Maji yalipoanza kupwa waliteremka topeni. Mmoja alikuwa na mgongo wa kijivu. Alimfuata mkubwa hatua kwa hatua, shingo ameinamisha, analia kama filimbi. Mkubwa akachomoa kaa, akamgongagonga topeni, akamwacha mbele ya yule wa kijivu. Akamla, akaanza tena kulia.

Nikauliza, mbona mtoto mkubwa hivi bado analishwa? Nikaambiwa ndio desturi yao. Huzaliwa kwenye visiwa vya mchanga vya Oman, Ghuba ya Uajemi na pwani ya Somalia. Wazazi huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai 1 tu, jeupe, ambako jua kali la huko halifiki. Ndege wengine wa pwani wa jamii yake hawachimbi hivyo. Kisha mtoto akiweza kuruka wanakuja naye hadi huku, na miezi hii yote bado wanamlisha. Niliomba darubini nikamtazama tena, nikatazama mpaka macho yakaniuma. Yeye ametoka huko uliko wewe, nawe umetoka hapa alipo yeye.

Nasikia Barr al Hikman, mkabala wa kisiwa cha Masirah, wala-kaa ni wengi sana wakati wa baridi. Najua ni mbali na Muscat, na siku yako ya mapumziko ni moja tu. Lakini ufukweni hapo mjini sululu hupita, na shakwe wapo. Nenda asubuhi maji yakipwa, ukae hata nusu saa. Usiende peke yako.

Daftari lako nimeliendeleza. Nimechora mstari chini ya mwandiko wako, nikaanza wangu: wala-kaa 86, mmoja analishwa. Ukipata nafasi niandikie za huko, na tarehe na saa. Ukikuta hakuna kitu, andika sifuri, nami nitaiingiza.

Mamako