Mwanangu, ile kamba sipandi bure

Mwanangu mpenzi,

Jana kwenye simu uliniuliza ati mama na umri huo kamba unapanda ya nini, nikacheka tu maana nilikua bado nahema. Ila swali lako nimelala nalo, na sa hivi na wewe umemaliza depo, ni zimamoto kama mimi, acha nikujibu vizuri.

Ile kamba ni ya Michezo ya Dunia ya Polisi na Zimamoto, inafanyika kila baada ya miaka miwili. Ilianzia kwa polisi wa California, mwaka 1967 walikutana San Diego wakashindana wao kwa wao wakaiita olimpiki ya polisi, wakaenda nayo hivo hivo mpaka 1985 pale San Jose wakafungua mlango kwa dunia nzima na sisi wa zimamoto tukiwemo, wakaja watu karibu 5,000. Baada ya hapo imezunguka, Vancouver, Melbourne, Stockholm, Barcelona, Asia ikafika mara ya kwanza 2019 kule Chengdu. Afrika bado haijafika na mi hilo linaniuma.

Na hakuna mambo ya kuchaguliwa timu ya taifa. Ukiwa mtu wa kazi, au hata umestaafu, unajiandikisha, unashindana na wa rika lako, na wengi wanajilipia nauli na kutumia likizo zao. Kuna mchezo mmoja wanatafuta nani mgumu kuliko wote, mambo 8 siku moja: unakimbia kilomita 5, unarusha tufe, mita 100 mbio, mita 100 kuogelea, unapanda kamba futi 20, unanyanyua chuma umelala, unajivuta juu kwenye bomba, alafu ukishakua huna kitu mwilini ndo wanakupeleka kwenye vikwazo. Kuna na mbio za kupanda ngazi za ghorofa ukiwa na gia zote na mtungi wa hewa mgongoni. Hizo ngazi mimi siwezi kuziona kama mchezo tu mwanangu. 2011 michezo ilikua New York, mwaka wa 10 tangu Septemba 11, siku ndege zilipogonga yale maghorofa ya New York, na unajua siku ile walikufa wazimamoto 343, wengi wao walikua wanapanda wakati watu wanashuka. Na siku za mwanzo tu za michezo hiyo kimbunga Irene nacho kikaupiga mji ule ule.

Lakini nayoipenda kuliko zote ni ya Belfast, 2013. Kule Ireland Kaskazini walikua na machafuko ya wenyewe kwa wenyewe karibu miaka 30, polisi kama 300 waliuawa, yani askari asubuhi anainama kwanza kuangalia chini ya gari yake kama kuna bomu ndo awashe, na watoto wanafundishwa wasiseme shuleni baba anafanya kazi gani. Hata mpira wa asili wa Ireland polisi wa kule hawakuruhusiwa kuucheza, chama chake kilikua na sheria ya kuwazuia mpaka 2001 ndo ikafutwa. Alafu fikiria mji huo huo, miaka 12 baadae, unapokea polisi na wazimamoto na askari magereza karibu 7,000 kutoka nchi 67, wanatembea mtaani na trakisuti zao mchana kweupe. Kila nikiwaza hapo machozi yananilenga.

Na mimi nina yangu. Ulikua mdogo, kuna usiku tuliingia kwenye moto tukachelewa, yule mtoto hatukumuwahi. Wiki nzima nilikua siongei, nakuja nyumbani nakaa tu, nadhani hukumbuki. Mwenzangu wa shifti hakunipa pole wala nini, alikuja na mpira wa wavu akasema toka nje tucheze, tukacheza mpaka giza na wote tunalia. Ndo maana ukiniambia michezo kwa watu wa kazi yetu ni starehe siwezi kukubali.

2025 walikua Birmingham kule Alabama, inayofuata ni Perth kule Australia 2027, na mimi ntakua nimeshastaafu, ntaingia kama mstaafu. Jumamosi kama huna shifti njoo unishikie saa, zile futi 5 za mwisho juu bado zinanishinda, mikono inakufa ganzi.

Mama yako