Kundi la gemu kwa watu wasio na muda

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na poleni na shughuli. Barua yako nimeisoma mara mbili. Una watu ishirini hivi, wote wana kazi, baadhi wana watoto wachanga, na mnataka pahali pa kucheza gemu pamoja bila kununiana wala kudaiana. Umeniuliza uanze na programu gani. Discord, ile programu ya kuandikiana na kuongea kwa sauti kama kundi, itakutosha, tusipoteze wino hapo. Anza kwa kumfikiria mtu ambaye hayupo. Amepotea wiki tatu kwa sababu ya kazi au mgonjwa nyumbani. Siku akirudi anakuta nini? Akikuta arifa mia nne, jina lake limeshushwa daraja na wenzake wamemwacha mbali kwenye gemu, atafunga programu na hutamwona tena. Karibu yote nitakayokuandikia yanamhusu huyo.

Wengi wakifungua seva, yaani ukumbi wa kundi ndani ya Discord, hutengeneza chaneli thelathini siku ya kwanza, kila gemu na chumba chake. Watu ishirini wakitawanyika humo, kila chumba kinaonekana mahame, na mgeni haanzi mazungumzo kwenye mahame. Fungua tano: kanuni, matangazo, gumzo, kupanga mechi, na picha za gemu. Ongeza vyumba viwili vya sauti, kimoja cha kuchezea na kingine cha kupiga soga. Gemu ipewe chaneli yake pale tu inapofurika kwenye gumzo wiki mbili mfululizo hadi wasioicheza wanaguna. Ikikaa kimya miezi miwili, ifunge bila matanga.

Kabla hujamwalika hata mtu mmoja, ingia kwenye mipangilio ya seva utafute arifa za kawaida. Kuna chaguo mbili: kila ujumbe, au pale mtu anapotajwa tu. Weka la pili. Mtu ambaye simu imemlilia mara sitini akiwa kikaoni hatahangaika kutafuta mipangilio. Atainyamazisha seva nzima, na tangu hapo hata matangazo yako hayamfikii. Waondolee pia wanachama wa kawaida ruhusa ya kutumia @everyone, inayowaita watu wote kwa mpigo. Badala yake tengeneza roli, yaani lebo ya kuitia watu, moja kwa kila gemu, mtu ajivike na kujivua mwenyewe, kisha moja isiyo ya gemu yoyote, uiite "Nipo leo". Aliyejivika hiyo yuko tayari kuitwa kwa chochote usiku ule. Lakini lazima ifutwe kila alfajiri, kwa boti (programu inayojiendesha yenyewe ndani ya seva) au kwa mkono, maana watu huisahau, na baada ya mwezi mtakuwa mnawaita waliolala.

Zile boti zinazohesabu ujumbe na kupandisha watu ngazi, achana nazo kabisa. Zinamtuza anayeshinda mtandaoni na kumkumbusha mwenye shughuli kwamba yuko mkiani. Kuwaondoa walio kimya nako hakufai. Mtu kimya hali chakula cha mtu.

Sasa muda, ambao ndio unaovunja makundi mengi kuliko ugomvi. Usiandike "saa tatu" tu: mmoja ataelewa usiku ulipoingia, mwingine anayesoma saa za simu yake ataelewa alasiri. Tumia sehemu ya Matukio ya Discord, ambayo humwonyesha kila mtu saa za kwake. Kwenye ujumbe wa kawaida, weka alama ya <t:namba:F>, namba hiyo ikiwa ni sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970. Ziko tovuti nyingi za kukukokotolea. Ukiweka R badala ya F, itaonyesha zimebaki saa ngapi. Kama una watu wa Marekani na wa Ulaya, jihadhari na Machi. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya mwezi huo, Ulaya Jumapili ya mwisho, kwa hiyo kuna wiki mbili au tatu ambapo tofauti iliyozoeleka haipo. Mwisho wa Oktoba hali hiyo hujirudia kwa wiki moja. Nusu ya watu wanakuja saa nzima kabla au baada ya wenzao, na kila upande unadhani umepuuzwa.

Kipindi kiwe cha dakika tisini, na dakika kumi na tano za mwanzo ziwe za kufika, kujaribu maiki na kusubiri gemu ijisasishe. Usiziite kuchelewa. Kisha mwenyeji aanze na waliopo, hata wakiwa wawili. Kusubiri wa nne mpaka nusu saa ni kumwadhibu aliyefika, na yule wa nne akija anakuta nyuso zimekunjamana. Kwa gemu ya watu wanne, ruhusu sita wajiandikishe, kwa sababu mmoja au wawili watakwama. Wakitokea wote sita, gawanyeni watatu watatu. Kujiandikisha kusiwe kiapo. Neno "samahani sikuja" lisihitajike, na wewe mwenyewe uwe wa kwanza kutolitumia. Siku ziwe mbili kwa wiki, moja ya katikati na moja ya mwisho wa wiki, kwa saa tofauti, ili asiyeweza hii apate ile. Zisihamishwe kila mara kwa kura. Kura za tarehe huwachosha watu kabla hata hawajacheza.

Kuhusu gemu zenyewe, usiulize ipi nzuri. Uliza: mtu anaweza kuingia katikati? Raundi inaisha lini? Aliyepotea mwezi anaachwa nyuma? Deep Rock Galactic inafaulu yote matatu: wachezaji ni hadi wanne, mtu anaweza kujiunga misheni ikiwa inaendelea, nguvu ya maadui hufuata idadi yenu, na mgeni anaweza kucheza na mkongwe bila kuwa mzigo. Rocket League mechi yake ni dakika tano, ukiacha muda wa nyongeza, lakini pengo la ustadi huonekana haraka, basi changanyeni timu kila mechi. Kwa wasiopatana saa kabisa, kuna chesi ya polepole kwenye Lichess, bila malipo, ambapo unaweza kumpa mtu hadi siku 14 kwa kila hatua. Mzazi wa mtoto mchanga atacheza hatua yake saa tisa za usiku akibembeleza, na bado yumo.

Gemu za kujenga dunia moja ya pamoja zinapendwa sana, na ndizo zenye mitego mingi. Kwenye Valheim, inayobeba wachezaji 10, adui mkuu akishaangushwa dunia nzima inasonga mbele, na aliyekosa usiku ule amekosa. Andikeni kanuni: adui mkuu hupigwa siku iliyotangazwa wiki moja kabla, na asiyekuwepo anaweza kuomba apigwe tena pamoja naye. Minecraft uliza mapema nani ana toleo gani. Java ya kompyuta na Bedrock ya simu na konsoli hazichezi pamoja zenyewe, na hilo likigundulika baada ya kukodi seva ya gemu, yaani kompyuta ya mtandaoni inayobeba dunia yenu, ni kero. Washa orodha ya walioruhusiwa kuanzia siku ya kwanza, kwani wapo wanaozunguka mtandaoni wakitafuta seva zilizo wazi ili wazibomoe. Weka kanuni ya kubaki na mizigo baada ya kufa. Mtu mwenye saa moja kwa wiki asiitumie yote kutafuta panga lake. Kisha punguza asilimia ya wachezaji wanaotakiwa kulala ili usiku upite. Kwa kawaida ni wote, hivyo mmoja akiacha gemu wazi akaenda jikoni, mnakaa gizani mkimsubiri. Mpangilio huo upo tangu toleo la 1.17 la mwaka 2021. Ukiweka 1, mmoja akilala inatosha.

Nakala ya akiba ya dunia ichukuliwe kila siku, na zihifadhiwe saba za mwisho mahali tofauti na seva. Usinakili mafaili seva ikiwa inaandika. Kwa Minecraft ya Java, toa amri ya save-off (kusitisha uandishi), kisha save-all (kuhifadhi yote), nakili, halafu save-on (kuurudisha uandishi). Anayesahau hiyo ya mwisho huja kujua seva inapozimika na kazi ya siku nzima imeyeyuka. Pia jaribu kurudisha nakala moja kabla hujaihitaji. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Kanuni za kundi zisizidi mistari saba. Za kutukana na ubaguzi unazijua. Mimi ningeongeza mbili ambazo wengi husahau. Ya kwanza, usimfundishe mtu asiyeomba: hakuna kinachomfukuza mtu mzima haraka kama sauti ya kumwambia kila sekunde aende wapi. Ya pili, kila mtu ana haki ya kuondoka katikati kwa kusema "naenda", bila maelezo. Kwenye maiki, wapendekeze watumie kitufe cha kubonyeza ndipo wasikike, na umwambie aliye na mtoto analia nyuma yake kwamba hakuna aliyekereka.

Mlangoni usiweke fomu ndefu. Kiungo cha mwaliko kiwe cha muda. Discord hukupa cha siku 7 usipobadilisha. Weka kiwango cha uhakiki kiwe cha juu, ambapo mgeni husubiri dakika 10 kabla ya kuandika, na boti nyingi za spamu zitaishia hapo. Discord inaruhusu kuanzia miaka 13, kwa hiyo kama ni kundi la watu wazima liandike wazi na uliulize mlangoni. Mgeni akisalimu, mtu amjibu kwa jina ndani ya siku moja na kumwalika kwenye jambo mahususi: "Alhamisi tuna nafasi moja, utakuja?" "Karibu sana" pekee haimpeleki popote.

Mkorofi utampata tu, na mara nyingi ndiye mchezaji hodari kuliko wote. Mwandikie faraghani siku hiyohiyo, utaje sentensi aliyosema, si tabia yake. Akirudia, mpe kimya cha siku moja hadi wiki. Mara ya tatu mtoe, na usiitishe mkutano wa kujadili. Weka kumbukumbu za maonyo hayo mahali pengine, maana daftari la matukio la Discord huhifadhi siku 45 tu.

Hela za kukodi seva ya gemu zichangwe kwa hiari, hesabu iwekwe wazi kila mwezi, na mchangiaji asipate hata rangi ya jina.

Na wewe pia ni mtu mwenye shughuli, Rehema. Tafuta wasimamizi wawili, mmoja akiwa wa saa za mbali na zako, wote wawashe uthibitisho wa hatua mbili. Waachie vipindi vizima wakiwa wenyeji, wewe ukiwa hupo kabisa, kuanzia mwezi wa kwanza. Nitumie rasimu ya kanuni kabla hujafungua mlango, nitaipunguza.

Wako,
Hamadi