Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa miaka mingi tumeingia shuleni na mfano wa meno na mswaki mkubwa, tukaonyesha namna ya kusugua, tukagawa dawa ya meno, tukaondoka. Mwaka huu, katika shule moja ya Kisauni, Mombasa, tulifundisha watoto mara tu baada ya mapumziko, ndimi zao zikiwa nyekundu kwa mabuyu waliyoyanunua langoni, nami nikatambua kwamba tulikuwa tukifundisha nusu ya jambo.

Vijidudu vilivyomo kwenye ukoga hugeuza sukari kuwa asidi, nayo asidi hulainisha gamba la jino. Mate hulirudishia gamba hilo nguvu yakipata muda, lakini mtoto anayemung'unya mabuyu tangu asubuhi hadi adhuhuri hayapi mate muda huo. Kwa hiyo hatuulizi tena kiasi cha sukari pekee, bali pia mara ngapi kwa siku inagusa meno.

Kutokana na hayo, kamati iliamua kwamba kila anayefika kwenye kambi zetu za matibabu aulizwe kwanza siku yake inavyokwenda. Likoni, karibu na feri, madereva wa tuktuk walitueleza bila kificho kwamba hutafuna muguka, majani machungu ya jamii ya miraa, kwa saa nyingi pamoja na chingamu na soda ili kukata uchungu. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban vijiko vinane vya chai vya sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani linaona ni bora mtu mzima asizidishe kama vijiko sita kwa siku nzima. Tuliwaomba waanze kwa kubadilisha soda kwa maji. Wenye kisukari ambao fizi zao zinavuja damu tuliwaelekeza kliniki, kwa sababu maradhi hayo mawili huchocheana.

Msuaki wa wazee wetu, yaani kijiti cha kusugulia meno, tusiudharau. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake tangu 1986. Hata hivyo, dawa ya meno yenye floridi ibaki, hasa kabla ya kulala.

Hesabu zitasomwa na mweka hazina. Kwa mwaka ujao, kamati inaomba idhini yenu ya kukaa na kina mama wanaouza langoni mwa shule, si kuwafukuza, maana hiyo ndiyo riziki yao, bali kuwasaidia waongeze karanga na matunda katika meza zao. Pendekezo hilo liko mbele yenu leo.