Ndege yetu, injini ya nani?

Mhariri,

Barazani kwetu Wete watu wanabishana: nchi inunue ndege za kivita nje au iunde zake? Wengi wanaitolea mfano India. Sawa, lakini hadithi waimalize. Mradi wa Tejas, ndege ya kivita waliyoiunda wenyewe, ulianza 1983, ndege ikaruka mara ya kwanza 2001, na injini yake mpaka leo inatoka Marekani. Bado mwaka 2016 India ikaagiza ndege za kivita 36 aina ya Rafale kutoka Ufaransa.

Mimi mvuvi, haya nayajua. Boti yangu kaiunda fundi wa hapa hapa, mbao za mwembe, kalafati ya pamba kuziba nyufa, sifa (mafuta ya papa) ikapakwa vizuri. Mashine ndiyo ya nje. Mwaka jana gea ilikatika, nikakaa wiki sita nangoja kipuri kutoka Dubai. Boti imepinduliwa mchangani, kuku wa jirani wakataga chini yake. (Mayai sikupewa hata moja.)

Kwa hiyo wanunue tu, ila mkataba useme vijana wetu watafunzwe kuifungua na kuifunga injini yenyewe, si kufuta vioo na kujaza mafuta. Muuzaji akikataa, atafutwe mwengine.

Mvuvi,
Wete, Pemba